Nilivyoposa Mdoli Bunda

Jumatatu, 1 Desemba

Wegesa kapiga simu. Anakuja likizo! Furaha yangu ilidumu mpaka alipotaja Bunda.

Niandike vizuri, nisije nikajidanganya nikisoma baadaye. Wegesa ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu kijana wangu wa kwanza. Mtu mzima, nesi, kazi yake Dodoma. Kila Krismasi anakujaga Mara, na kila Krismasi analala Bunda kwa Gaudensia, bibi yake mzaa mama, eti kule kuna marumaru na feni. Hapa kwangu Kamunyonge, Musoma, anapita tu. Anakula sato, ananikumbatia, anaondoka. Mwaka jana nilimtandikia kitanda kwa shuka jipya. Shuka bado jipya.

Mwaka huu alale kwangu. Likizo yote! Sitaki kitu kingine duniani, ukiondoa goti langu la kulia.

Nikamuuliza kwa ujanja siku hizi anapenda nini. Kacheka. Kasema bibi utanishangaa. Anataka mdoli! Nikadhani mtandao unakatakata. Wala. Mdoli. Kumbe ipo midoli ya watu wazima, watu wanaikusanya kama mimi ninavyokusanya vitenge. Kiwiko, goti, shingo, kila kiungo ni gololi iliyokaa kwenye kikombe chake, na lastiki imepita ndani ya mwili mzima kuvishika. Unamkalisha, anakaa. Unamkunja mkono, unabaki ulivyoukunja. Hajawahi kuwa na hata mmoja. Anaogopa kukosea wa kwanza.

Nilitaka kumwambia: wewe mwanamke mzima, unachoma watu sindano, unataka mdoli? Nikaumeza ulimi. Vizuri nilimeza, maana kaendelea kusema kwamba Bibi Gaudensia alipoambiwa alimcheka, akamwambia atafute mume.

Asante Yesu! Gaudensia kakosea!

Mdoli nitampata mimi. Atakaa juu ya lile shuka, na mwenye mdoli atalala hapo hapo.

Jumanne, 2 Desemba

Nimempigia Wegesa kama mtu anayeuliza tu. Salio likaisha, akapiga yeye. Anapenda kuongelea midoli huyu!

Kasema usianze na mdoli, anza na fundi. Kuna wezi. Wananunua mdoli wa fundi wa watu, wanatengeneza kalibu juu yake, kisha wanamimina mingine humo kama anayefyatua matofali, wanaiuza kwa uongo. Fundi mwaminifu utamjua: anakuonyesha kazi kabla haijaisha, anakubali maswali, anakuambia wazi kwamba utasubiri. Na mdoli mwenyewe awe mzito, asimame bila kushikwa, asilegee.

Nilimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Lakini mtoto huyu anazunguka mbuyu bure. Kazi yenyewe naijua. Hii ni posa! Nimewaposea vijana wa ukoo mzima na sikuwahi kuhangaika na sura ya binti. Unatazama mji, yaani nyumba anakotoka. Mgeni anapokelewaje? Kiti kinatoka upesi au mpaka ukohoe? Chakula je? Ukoo una wizi, una uchawi, una uvivu? Mji ukikufaa, umemaliza. Binti ni wa kuchukua tu.

Shule mimi sikukanyaga. Herufi kanifundisha katekista Florian uzeeni, kwa ajili ya sala. Lakini kuposa hakuna katekista wa kunifundisha.

Gasper, kitinda mimba wangu, kaulizia kijiweni kwake. Ni bodaboda, kapita arobaini, hana mke wala hana haraka. Kaambiwa mkoa huu watu wa midoli hiyo wapo wawili tu. Mmoja mwanamke, Scholastika, yuko Butiama, anafanyia kazi nyumbani. Mwingine Nicolaus, yuko Bunda, ana duka la vioo.

Nitaichunguza miji yote miwili.

Alhamisi, 4 Desemba

Butiama. Aibu tupu!

Gasper kanipeleka kwa pikipiki, goti likaimba njia nzima. Huyo Scholastika katoka kwenye kibanda kavaa glavu na barakoa kama anayekuja kuning'oa jino. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Hakuinama. Hakunipa mkono. Shikamoo katoa kwa mbali, kama anafukuza kuku, halafu kasema nisisogee, anapiga msasa, lile vumbi si zuri kwa kifua. Kwa kifua changu! Kifua kilichonyonyesha saba!

Kiti? Kaleta ndoo, akaigeuza.

Chai? Maji.

Halafu akaanza kuniuliza yeye! Mdoli wa nani? Ameshawahi kushika? Anataka wa urefu gani? Atamweka dirishani penye jua, au ndani? Nikamwambia nimekuja kuposa, sijaja kutoa maelezo polisi. Nikamuuliza ukoo wake. Kasema Mzanaki, baba yake alikuwa fundi baiskeli, na kwamba hayo hayahusiani na lastiki. Hayahusiani!

Nikasema namtaka kabla ya Krismasi. Kasema haiwezekani, labda Pasaka, na kama nina haraka nisimwachie hata shilingi. Mtu anakataa shilingi! Basi akanitolea kichwa kimoja kisicho na macho, kimepasuka kisogoni, akasema hiki nilikosea, niliwahi kukitoa kwenye kalibu. Hajaulizwa! Mtu anamwanikia mgeni makosa yake kama nguo za ndani.

Nikamwita Gasper tuondoke. Hakuja. Nikachungulia kibandani. Kavaa glavu, kashika ncha moja ya lastiki, Scholastika kashika nyingine, wanavuta, wanacheka. Nikamwambia mura, kijana wangu, washa pikipiki.

Njiani kasema Mama, yule ni fundi kweli. Nikamwambia hana hata kigoda.

Butiama nimeifuta.

Jumamosi, 6 Desemba

Bunda. Huyu sasa kalelewa!

Nicolaus kaniona nikiwa bado mlangoni, akasimama. Kikapu kakipokea kwa mikono miwili. Kiti chenye mto. Soda ya baridi, na nyingine ya kubeba. Kaniuliza mvua, kaniuliza ng'ombe, kaniuliza goti. Goti! Hata daktari hajawahi kuliuliza, huwa anaandika tu. Kaniita mama kabla sijataja jina. Ukoo? Muikizu, watu wa Mugeta, babu yake alikuwa na zizi la kuonekana toka barabarani, na mama yake aliimba kwaya mpaka siku anaugua. Alipomtaja mama yake machozi yakamtoka. Mimi nina swali gani tena?

Gasper ndiye alikuwa na swali. Kauliza huyu mdoli katengenezwa wapi, na nani. Nicolaus kasema hilo swali zuri sana, akamfungulia soda. Gasper akauliza tena. Nikamkanyaga mguu.

Mdoli kalala kwenye sanduku, juu ya kitambaa chekundu, na cheti chenye mhuri wa dhahabu. Macho ya kijani. Vidole kama vya mtoto aliyezaliwa jana. Nicolaus kashusha sauti, kasema duniani yupo huyo mmoja tu, na kwamba wengi wamemtaka akawanyima, alikuwa akimngoja mama wa aina yangu. Nikajisikia binti.

Beberu na jike lake nilikuwa nimeshawapeleka mnadani. Wamekwenda kwa kazi njema.

Tulipotoka nikaona mwavuli wa njano ng'ambo ya barabara, na chini yake Gaudensia. Kuniona tu, akajibanza nyuma ya mchoma mahindi. Ajabu! Bunda ni kwake. Wa kujificha nilikuwa mimi.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda misa ya pili. Nina mtoto ndani.

Goti lake likikunjwa linalia kwa! kwa! Namwelewa kabisa. Nikamfanyia tunachomfanyia kila mtoto mchanga kwetu: samli. Samli ya ng'ombe wetu, si ya kopo. Shingo, mabega, viwiko, nyonga, magoti. Nikampaka na usoni ang'ae.

Nyusi zikatoka na kitambaa. Mdomo ukahamia shavuni.

Nyusi nimemchora upya kwa mkaa. Sasa anaonekana kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Na hakai tena. Nikimkalisha anainama mbele, polepole, polepole, kama mlevi kwenye mahubiri marefu, mpaka paji la uso linagonga meza. Paka alikuja akamlamba kisigino, akakiona kitamu, akaondoka na mguu mzima. Tuliupata chini ya kitanda.

Gasper kamrudishia mguu bila kusema. Kisha kasema. Lastiki ilikuwa imelegea toka dukani, na mdoli ni mwepesi kama kopo tupu. Nikamwambia dereva wa pikipiki anajua nini cha viungo vya watu.

Kasema Scholastika anaweza kuikaza. Namba yake anayo. Anayo kwa nini?

Jumanne, 9 Desemba

Gaudensia kaja! Toka Bunda mpaka Kamunyonge, kitenge kipya, sanduku limefungwa khanga, taarifa hakuna.

Sasa, Gaudensia ni mkwe. Binti yake ndiye aliyeolewa na kijana wangu. Mkwe hagombezwi, na kwa ukoo wetu na mkwe hamli chakula mkitazamana. Nikampa ugali na sato sebuleni, wangu nikala jikoni, tukaongea kupitia pazia la mlangoni. Hapo ndipo huwa tunagombana vizuri.

Kasema, mkwe, nimesikia mtoto wetu anapenda midoli.

Nikasema, mkwe, nimesikia ulimcheka.

Kasema, mkwe, nilicheka kwa furaha.

Kila mmoja anatoa miiba. Kisha kasema amempatia mdoli, wa pekee, duniani hakuna mwingine, na kwamba likizo hii mtoto asisumbuliwe kuja Kamunyonge kwenye mbu.

Nikaacha tonge. Sijui nani alifungua pazia. Tukajikuta tumesimama, wakwe wawili, vidole vina mchuzi, kila mtu na sanduku lake. Kitambaa chekundu. Mhuri wa dhahabu. Macho ya kijani. Uso ule ule, ila wake una nyusi. Na chini ya goti la kushoto wa Gaudensia ana mkwaruzo mdogo kama kovu. Nikamgeuza wangu. Mkwaruzo. Pale pale!

Gaudensia kasema: mapacha!

Nikakubali haraka, maana jibu lingine sikulitaka. Tukahamia kwenye kubishana mapacha walelewe wapi, kwa kuwa mapacha hawatenganishwi. Mimi nikasema kwangu, mimi ndiye niliyemtoa wa kwanza dukani. Yeye kasema wake ndiye mwenye afya.

Gasper alikuwa mlangoni anatuangalia muda wote. Kasema mama zangu, huo mkwaruzo ulikuwa kwenye mdoli mmoja wa fundi wa kweli. Aliyeiba kafanya kalibu juu yake, mkwaruzo ukaingia na wenyewe. Hawa wote feki.

Tulimkasirikia sana. Mimi na Gaudensia, kwa pamoja, mara ya kwanza tangu harusi ya watoto wetu.

Jumatano, 10 Desemba

Bunda tena, mimi na mkwe. Tumekwenda kumvunja Nicolaus. Maneno nilikuwa nimeyapanga toka Musoma. Gaudensia alipanga kuzimia.

Kutuona tu, kasimama. Viti viwili, mito miwili.

Nikamwita mwizi. Nilisema! Gaudensia ni shahidi. Lakini huyo kijana kasikitika kuliko sisi. Kasema na yeye kadanganywa na watu wa mbali, na kwamba mama yake angekuwa hai angeuficha wapi uso. Akalia. Gaudensia kampa leso. Mimi nilimpapasa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa wa mtu mwembamba, asiyekula vizuri.

Kuhusu kurudisha midoli kaeleza vizuri sana. Wangu haurudi kwa sababu umepakwa samli. Wa Gaudensia haurudi kwa sababu ni pacha wa uliopakwa samli. Huwezi kubishana na hilo.

Ila kwa heshima ya mama zake wawili katupunguzia bei ya wigi. Tumetoka na mawigi mawili. La kwangu jekundu.

Gaudensia hakuzimia. Kasema nafasi haikupatikana.

Ijumaa, 12 Desemba

Wegesa kafika! Toka stendi moja kwa moja kwangu! Gaudensia alikuwa ameshatia nanga hapa toka asubuhi, eti kaja kuniuliza goti.

Tuliwakalisha mapacha kwenye kochi. Wa Gaudensia kakaa. Wangu kainama, wigi jekundu limemfunika, mguu mmoja umeangalia nyuma. Wegesa kacheka mpaka akachuchumaa. Kisha akalia. Katukumbatia wote wawili kwa mpigo, kasema maishani mwake hakuna mtu amewahi kujisumbua hivi kwa ajili yake. Nilimshika kichwa. Ananukia basi na mafuta ya nazi. Mtoto wa mwanangu.

Halafu kamgeuza mdoli, akauona ule mkwaruzo, akatoa simu. Anaujua! Picha ya mdoli wa asili anayo kwenye simu. Na fundi aliyemtengeneza ni nani? Scholastika wa Butiama! Ndiye mdoli wake wa kwanza kumuuza. Msasa ulimponyoka, akamkwaruza, na mwenyewe alimtangazia kila mtu kwamba kamkwaruza hapo. Wegesa kasema ndiyo maana alimchagua. Toka mwezi wa tatu Scholastika anamfundisha kwa simu. Wegesa alitaka kutushtukiza.

Na likizo hii anakwenda kukaa Butiama kwa Scholastika. Mdoli wake wa kwanza atamtengeneza kwa mikono yake.

Hatalala Bunda.

Hatalala Kamunyonge, ukiondoa usiku wa leo.

Gaudensia kanishika mkono. Nikamwachia aushike.

Wegesa kaniangalia, akaniambia bibi, twende wote. Chumba kipo. Tutalala kitanda kimoja mpaka likizo iishe, unihadithie midoli ya magunzi mliyokuwaga mnabeba mgongoni. Na wangu nataka nimpe sura yako. Sura yangu! Nikamuuliza, na meno je? Kasema ulivyo hivi hivi bibi, bila meno.

Nimemwambia nitafikiri.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimefikiri. Jibu limenijia nakamua ng'ombe.

Mjukuu anakwenda kulala kwa Scholastika. Scholastika hana mume. Gasper hana mke. Nikimposa Scholastika, ule mji wa Butiama ni wa mkwe wangu, yaani ni wangu. Wegesa akilala pale atakuwa amelala kwangu! Krismasi hii, ijayo, zote! Na Gaudensia akija atakaribishwa kama mgeni. Juu ya ndoo!

Asubuhi Wegesa kaniuliza tena. Pikipiki inanguruma, Gasper juu yake, nafasi ya mtu mmoja ipo nyuma. Kanishika mikono, kasema njoo bibi. Nikamwambia siwezi, nina kazi kubwa. Kaniangalia kidogo, akafuta macho. Gaudensia kasema basi kama mkwe ana kazi, yeye hana, na magoti yake mazima. Akapanda! Nywele kazifunga vizuri, kwa ajili ya kuchukuliwa sura. Aende tu. Hajui kinachokuja.

Gasper nilimvuta pembeni nikamwambia mpango. Kaweka mikono kichwani. Kasema Mama, nakuomba, usitume mtu. Yule hapendi maneno mengi, na sisi tunaendelea vizuri, niachie niongee naye mwenyewe. Eti tunaendelea! Wanaendelea kuvuta lastiki! Posa inataka mshenga. Mtu wa heshima, anayejua kukaa kwa watu, anayeuliza hata goti la mtu.

Nimeshampigia Nicolaus wa Bunda. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Kasema kazi za huyo binti anazijua sana, amezipenda miaka mingi. Mnaona? Jumatatu anakwenda Butiama, na suti.

Kaniomba jambo moja tu: jina lake nisilitaje kule mpaka afike. Mnyenyekevu huyo!